Kabla ya Kumkopesha Jamaa Anayehamia Ng'ambo

Hapa Mombasa ni nadra msafiri kuja peke yake kuomba mkopo wa safari. Aghalabu huja na mama yake, au na shangazi ambaye ukoo mzima humsikiliza, baada ya swala ya Magharibi, na mazungumzo huanzia kwenye afya na watoto kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe: binti amepata kazi Saudia, au kijana amekubaliwa na chuo Kanada, mipango yote iko tayari, kimebaki kiasi fulani cha pesa, na siku zinakwisha. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayeombwa, mwenye uwezo wa kutoa pesa hizo lakini asiyeweza kuzipoteza bila kuumia, na ambaye angependa kumtendea haki jamaa yake bila kuwadhulumu watu wa nyumbani kwake.

Usijibu usiku huo. Sema umesikia, na utaje siku ya kujibu. Maneno haya yanatosha: "Nimekusikia, shangazi, na nimemfurahia mtoto. Nipeni hadi Ijumaa nizione karatasi zake na nizungumze na mwenzangu, kisha nitawajibu mimi mwenyewe." Jibu hili halimvunjii mtu heshima wala halikufungi. Safari ya halali hustahimili kungoja wiki moja, kwa sababu viza, vipimo vya afya na mkataba huchukua muda mrefu kuliko huo. Nafasi ambayo inasemekana itapotea pesa zisipotumwa kabla ya kesho asubuhi ina walakini, na haraka hiyo uitie katika hesabu zako pamoja na karatasi.

Swali la kutangulizwa

Kabla hujauliza kama utalipwa, jiulize hivi: ikiwa mwezi wa nne tangu aondoke jamaa yako atakuwa mashakani huko aliko, naye hajakulipa hata shilingi, je, utataka arudi nyumbani? Tukiwa tumekaa barazani, sote husema ndiyo. Lakini deni lina nguvu zake. Binti aliye katika nyumba ambamo hapewi nafasi ya kulala vya kutosha, anayenyang'anywa simu au kucheleweshewa mshahara, kila siku hupima kurudi kwake na pesa za watu alizoziacha Mombasa. Akikumbuka kwamba ami yake aliuza bodaboda iliyokuwa ikilisha watoto, au kwamba mama yake ameweka dhahabu yake rehani, atavumilia mambo ambayo hakupaswa kuyavumilia, na akipiga simu atasema kuko salama. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote katika uamuzi huu, na nalitanguliza hata mbele ya suala la kulipwa.

Kwa hiyo kiasi unachokopesha kiwe kile ambacho kurudi kwake mikono mitupu hakutakuangusha. Ikiwa kurudi huko kutafunga duka lako, kutawatoa watoto shuleni au kutaleta ugomvi usiokwisha na mwenzi wako, basi kiasi hicho kimezidi, hata kama unacho benki leo. Kipunguze hadi ufike mahali ambapo siku ya kuagana unaweza kumwambia, "Ukiona mambo si mambo, rudi, langu litasubiri," na awe na sababu ya kukuamini.

Ipime safari

Jamaa akiomba mkopo, wengi wetu humpima mtu: ni mwaminifu, ana adabu, aliwahi kukopa akalipa? Ni maswali ya haki, na aliyeshindwa kulipa madeni matatu akiwa Kisauni hatageuka mlipaji kwa kuvuka bahari. Hata hivyo, mwaminifu naye hawezi kulipa kutokana na kazi isiyokuwapo. Wako Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa ndani ya makambi ya utapeli wa mitandaoni, na uaminifu wao haukuweza kuwasaidia wao wala waliowakopesha.

Omba nakala ya kila karatasi, nawe uzisome mwenyewe, usisomewe. Ikiwa kazi imepatikana kupitia wakala, anza na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husajili mawakala binafsi wa ajira na kuiweka orodha yao wazi kwenye intaneti. Tafuta jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba na risiti, maana jina linalotajwa mtaani huenda likawa jingine kabisa, na uhakikishe kwamba usajili wake haujapitwa na muda. Hata kampuni iliyosajiliwa haikutoi wasiwasi wote. Kuna watu wa kati wanaozunguka Likoni, Majengo na Bamburi wakikusanya wasichana kwa niaba ya kampuni za Nairobi, na pesa zikiishia mikononi mwa mtu wa kati, kampuni itasema haikupokea chochote, na huenda ikawa inasema kweli.

Kisha soma mkataba wenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi utiwe saini na pande zote mbili na uthibitishwe na ofisa wa kazi. Kwa kazi za nyumbani Saudia, mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili na husajiliwa katika mfumo wa serikali ya huko uitwao Musaned. Tafuta jina la mwajiri, mji, mshahara kwa riali, siku ya mapumziko, na mahali palipoandikwa ni nani anayegharamia viza, tiketi na kibali cha kuishi. Katika ajira hizi ni mwajiri anayebeba gharama hizo. Jamaa yako akikuomba pesa za tiketi ya kwenda kufanya kazi ya nyumbani Saudia, basi ama unalipia kitu kilichokwisha kulipiwa, ama unalipia safari isiyokuwa na mwajiri. Anayesafiri kwa viza ya utalii kwa ahadi kwamba "itabadilishwa hukohuko" yumo katika fungu hili la pili, na ushauri wangu ni kutotoa hata senti moja kwa safari ya namna hiyo, hata kama wazee watakuja mara ya pili.

Uingereza nako kuna jambo la kuangaliwa. Watu wengi walipita kwa viza ya wahudumu wa wazee na wagonjwa, na habari zao bado zinawavuta wengine, lakini njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo tarehe 22 Julai 2025. Anayeuziwa nafasi hiyo sasa anauziwa hewa. Kwa kazi nyinginezo, mwajiri anatakiwa awe katika orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni, ambayo serikali ya Uingereza huitangaza wazi, na gharama ya cheti cha udhamini ni yake. Jamaa yako akisema mkopo ni wa kununulia cheti hicho, simamisha mazungumzo hapo hapo.

Wanafunzi wana ombi lao la pekee, linaloonekana jepesi kwa sababu pesa husemekana zitarudi upesi: "Nikopeshe za kuonyesha tu, viza ikitoka nitakurudishia." Kanada, ukiacha jimbo la Quebec, inamtaka mwanafunzi anayekwenda peke yake aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kuishi kwa mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Kiwango hiki kimeanza tarehe 1 Septemba 2025, ilhali hadi mwisho wa mwaka 2023 kilikuwa dola 10,000. Kwa shilingi, hizo ni zaidi ya milioni mbili. Ujerumani inataka yuro 11,904 ziwekwe katika akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo mwenyewe hawezi kuzitoa zote kwa mara moja. Uingereza inataka pesa zikae katika akaunti siku 28 mfululizo. Ofisa wa viza anayesoma taarifa ya benki huona siku ambayo kitita kiliingia kwa mkupuo, na huuliza kilikotoka. Mwombaji akidai kwamba pesa za kuazima ni zake, ametoa maelezo ya uongo kwa serikali ya nchi nyingine, na Kanada humfungia mlango mtu wa namna hiyo kwa miaka mitano, huku Uingereza ikiweza kumfungia kwa miaka 10.

Hata mambo yakienda sawa, wazia atakavyoishi baada ya kukurudishia. Viwango hivyo vimewekwa kwa sababu maisha ya huko hugharimu kiasi hicho, na saa za kazi za mwanafunzi zina mipaka: Kanada ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, Uingereza ni 20. Za Ujerumani hutolewa kidogo kidogo, yuro 992 kila mwezi, na kila mwezi huliwa. Anayezikopesha asitarajie kuziona zikirudi kabla kijana hajamaliza masomo na kupata kazi. Ukiwa na moyo wa kumsomesha, jitokeze waziwazi kama mfadhili wake kwa barua na vielelezo vya mapato yako, ukijua kwamba hiyo ni sadaka au ni deni la miaka mingi. Kuazima kwa ajili ya kuonyesha ni jambo la kukataa.

Fanya hesabu naye

Tuchukue mfano wa binti wa dadako, mwenye mtoto mmoja atakayebaki na bibi yake Kisauni, aliyepata mkataba wa kazi ya nyumbani Riyadh kwa riali 900 kwa mwezi. Anaomba shilingi 120,000 na anaahidi kulipa kwa miezi mitatu. Keti naye, pamoja na mama yake, mkiwa na kalamu na daftari.

Anza na mshahara. Riali imefungamanishwa na dola kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986, kwa hiyo riali 900 ni dola 240, na dola ikiwa kama shilingi 129, mshahara wake ni karibu shilingi 31,000. Ahadi ya miezi mitatu inamtaka akulipe 40,000 kila mwezi. Hana nia ya kukudanganya. Hesabu hiyo hakuna aliyemfanyia, na pengine wakala alipenda isifanywe.

Kisha aandike gharama moja baada ya nyingine. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Kuna cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, mafunzo ya kazi za nyumbani anayotakiwa kuyapitia kabla ya kuondoka, picha, nauli ya kwenda Nairobi akihitajika huko, na mahitaji madogo ya safari. Ukiziandika zote pamoja na risiti zake, ni vigumu zifike nusu ya alichoomba. Tuseme zimefika 45,000. Ukimwuliza kwa upole zile 75,000 nyingine ni za nini, atasema ni za ajenti. Mtake basi wakala aandike, kwenye karatasi ya kampuni yenye muhuri, pesa hizo zinalipia huduma gani na zitarudishwa vipi safari isipofanyika. Mara nyingi karatasi hiyo haiji. Isipokuja, sehemu hiyo ya mkopo imejijibu.

Deni la 45,000 linalipika? Katika 31,000, mtoto na bibi watahitaji kama 15,000, na yeye mwenyewe 3,000 za simu na matumizi yake. Zinabaki 13,000. Miezi miwili ya kwanza isihesabiwe, kwa kuwa mshahara wa mwanzo unaweza kuchelewa na mgeni huwa na mahitaji asiyoyatazamia. Kuanzia mwezi wa tatu akitoa 5,000, atakuwa amemaliza mwezi wa 11, akiwa bado na pesa za kujiwekea akiba kila mwezi na mwaka mzima wa mkataba mbele yake. Deni lingekuwa 120,000, kwa kiwango hicho hicho angelimaliza baada ya mkataba wenyewe kwisha. Angejibana akatoa 10,000, angefanya kazi mwaka mzima akiwa na 3,000 tu za kujisaidia, na ugonjwa mmoja wa mtoto ungevuruga mpango wote. Mwonyeshe hesabu zote mbili. Nimeona watu wakipunguza wenyewe kiasi walichoomba baada ya kuona tarakimu zimepangwa hivyo mbele yao, bila ya mtu kuwaambia.

Jambo moja zaidi, ambalo familia nyingi hazilifanyi na ningeomba mlifanye. Katika pesa ulizokuwa tayari kutoa, tenga nauli ya kumrudisha. Ziweke katika akaunti yako au ya mzee mnayemwamini, zisiguswe kwa harusi wala kwa matanga, naye aondoke akijua kwamba zipo na kwamba hazitahesabiwa kuwa deni mpaka zitumike. Binti anayejua kwamba tiketi yake ya kurudi iko Mombasa huzungumza na wakala na mwajiri kwa sauti tofauti.

Pesa zako zinatoka wapi

Akiba ni jambo moja. Kukopa ili ukopeshe ni jambo jingine. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, na mikopo ya simu huwa ghali zaidi ya hapo, na riba hiyo utailipa wewe kila mwisho wa mwezi, msafiri awe ametuma au hajatuma. Ukiombwa udhamini tu, usidhani umeombwa kidogo. Saini ya mdhamini hufunga akiba yako katika sacco mpaka deni liishe, na mkopaji akinyamaza akiwa Doha, makato yataanza kwako uliye karibu.

Dhahabu ya mke ni mali yake, hasa ile ya mahari, na uamuzi wa kuiuza ni wake peke yake. Hata akikubali kwa moyo mweupe, mkumbushe kwamba sonara hununua kwa uzani: ujira uliolipwa kuitengeneza bangili haurudi, na kuinunua upya kutagharimu zaidi ya alichopokea. Kuhusu nyumba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, nayo ni kinga nzuri kwa familia. Hapa Mombasa lakini kuna nyumba nyingi zisizo na ardhi, ambazo mwenyewe anamiliki jengo na kumlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba hizo hazina hati ya ardhi ya kupeleka benki, kwa hiyo msafiri akihitaji pesa nyumba huuzwa, kwa haraka na kwa bei ya haraka, na familia iliyokuwa ikilala kwake huanza kutafuta kodi ya nyumba kila mwezi. Mimi sijui safari ya kazi inayostahili bei hiyo. Ukiitwa kwenye kikao ambacho jambo hili linajadiliwa, sema wazi kwamba hukubali, hata kama wewe si mkubwa wa kikao.

Mwenzi wako aambiwe kabla ya jibu kutolewa. Mkopo uliofichwa nyumbani hujulikana kwa njia mbaya, aghalabu kupitia kinywa cha jamaa anayedhani mwenzi wako anajua.

Ukiamua kukataa, au kutoa kidogo

Kataa mapema na kwa sababu moja ya kweli. Anayesema "tutaona" kwa wiki sita humdhuru msafiri kuliko anayekataa siku ya Ijumaa aliyoahidi, kwa kuwa msafiri hupanga mambo yake akimtegemea. Sema hivi: "Mwanangu, nimezisoma karatasi zako. Kiasi ulichoomba sina namna ya kukitoa bila kuwaumiza watoto. Nitakulipia pasipoti na vipimo, na hizo nimekupa, si deni." Sadaka ndogo iliyotolewa kwa moyo mkunjufu ina manufaa kuliko mkopo mkubwa utakaokuwa ukiuulizia kila Idi. Ndugu wanne au watano wakigawana gharama za kweli, kila mmoja akibeba kitu kimoja kinachojulikana kwa jina, mara nyingi haja ya mkopo huisha kabisa.

Ikiwa unakataa kwa sababu safari yenyewe inakutia shaka, usiifiche sababu hiyo kwa kisingizio cha kukosa pesa. Mama yake ana haki ya kujua kwamba jina la kampuni halimo kwenye orodha. Mwambie kwa faragha, mwonyeshe ulichokiona, kisha mwache aamue na mwanawe. Huenda wakakasirika, na kukasirika kwao hakubadilishi kilichomo kwenye orodha.

Andikianeni

Watu wa mji huu wanaona haya kuandikiana na ndugu, kana kwamba kalamu ni tuhuma. Kwa Waislamu jambo hili lina jibu la wazi: aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qurani, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Aya ya 280 inaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda hadi apate wasaa, na inasema kusamehe ni bora zaidi. Zisomeni zote mbili kabla ya kutia saini, kisha hakuna atakayesema ameonewa.

Maandishi yenyewe yanatosha kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: majina na nambari za vitambulisho, kiasi, tarehe, siku malipo yatakapoanza, kiasi cha kila mwezi, na njia ya kuyatuma. Andikeni deni kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola ilifika kama shilingi 160 na katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Waliokuwa wamepatana kwa dola walijikuta wakibishana juu ya deni lililobadilika bila mtu kukopa wala kulipa. Kisha ongezeni mambo matatu ambayo watu huyaogopa. Nini kitafanyika akirudi kabla ya mkataba kwisha? Nini kitafanyika akiugua au akikosa mshahara? Na akifariki, deni litalipwa katika mali yake kabla ya mirathi kugawanywa, au umesamehe? La mwisho huwa gumu kutamkwa mbele ya mama yake, lakini ni afadhali litamkwe sasa, wote wakiwa wazima, kuliko wiki ya msiba. Watie saini mashahidi wawili, na kila mmoja abaki na nakala.

Usimwekee mama wa msafiri mzigo wa kuwa mdhamini kwa nyumba yake au kwa vyombo vyake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inakupa miaka sita kudai deni la mkataba, lakini mdaiwa aliye ng'ambo hafikiki kwa urahisi, na ni jamaa wachache watakaokaa nawe sahani moja baada ya kumpeleka mtoto wao kortini. Karatasi mnaiandika ili mkumbuke mlichokubaliana, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Namna ya kuzitoa

Lipa gharama moja kwa moja kila inapowezekana, kwa awamu, kadiri kila hatua inavyokamilika. Ada ya pasipoti hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa nambari ya malipo 222222, na unaweza kuilipa kwa simu yako mwenyewe ukiwa umeketi na msafiri. Kituo cha vipimo kilipwe kituoni. Unapotuma pesa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana kabla ya muamala kukamilika: ukiona jina la mtu binafsi mahali ulipotarajia jina la kampuni, katisha, upige simu ofisini kwao. Tunza kila ujumbe wa malipo, umtumie na msafiri nakala, ili jumla ya deni iwe ile ile kwenye simu zote mbili. Pesa za mkononi za safari zitolewe mwisho, viza ikiwa imetoka na tiketi ikiwa imethibitishwa na shirika la ndege lenyewe.

Akishaondoka

Katika wiki za mwanzo piga simu bila kutaja deni hata kidogo. Muulize anakula nini, analala wapi, kama simu yake anakaa nayo mwenyewe, na kama mshahara uliingia tarehe iliyoandikwa. Majibu yake yatakueleza hali ya mkopo wako vizuri kuliko kumdai. Mwezi wa tatu ukifika, kumbusho liende kwake yeye, kwa faragha, wala lisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako aibu ya mmoja husomwa na watu arubaini. Akipitisha mwezi mmoja bila kutuma lakini akaeleza sababu, iandike na msogeze ratiba mbele. Akinyamaza miezi miwili, mpigie mama yake kwanza kama mtu mwenye wasiwasi juu ya mtoto, kwa kuwa kunyamaza kwa mtu aliye katika nyumba ya mwajiri kunaweza kuwa na maana nyingine kabisa.

Ikibainika yuko taabuni, deni liwekwe kando siku hiyo hiyo. Wasilianeni na ubalozi wa Kenya katika nchi hiyo na Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, mkiwa na nakala ya mkataba, nambari ya pasipoti na jina la wakala, ambazo mnazo kwa kuwa mlizidai mapema, na zile pesa za nauli ya kurudi zitumike bila kuitisha kikao kingine. Akishatua, apewe muda wa kutulia. Ratiba ya kulipa iandikwe upya baada ya kupata shughuli hapa nyumbani, kwa kiwango anachokimudu, hata kama ni shilingi 1,000 kwa mwezi, na saini zake ziwe zile zile za mashahidi wa mwanzo.